Kumpa mraibu kokeini ili dawa ipimwe

Mtumiaji wa kokeini amelala wodini, kifuani kabandikwa nyaya za mashine ya moyo, mkononi ana mrija wa mshipani. Anapewa dozi ndogo ya kokeini. Presha ikitulia, anaongezewa. Siku nyingine zoezi linarudiwa, safari hii akiwa ameshameza dawa inayotarajiwa kutibu uraibu huohuo.

Ndivyo usalama wa dawa za namna hii unavyopimwa, na wapo wanaokereka. Mtu mwenye arosto, tena anayelipwa kushiriki, ridhaa yake ina uzito gani? Swali hilo silipuuzi. Ndiyo maana kwa kawaida huchukuliwa watumiaji wazoefu ambao bado hawajaomba matibabu. Kumchoma kokeini mtu aliyekuja akitaka kuacha ungekuwa ukatili.

Hata hivyo, nani huacha siku anayoanza tiba? Asubuhi atameza kidonge, jioni atateleza. Kokeini peke yake hupandisha presha na kubana mishipa ya moyo. Kama dawa inazidisha hayo, heri ijulikane daktari akiwa kando kuliko usiku, mtu yuko peke yake chumbani. Kuwapima wasiotumia chochote hakujibu swali hili. Vanoxerine, dawa iliyotarajiwa kutibu uraibu wa kokeini, ilitiliwa matumaini makubwa, ikakwama ilipoonekana kuvuruga mwenendo wa umeme wa moyo. Vigabatrin, dawa ya kifafa iliyojaribiwa pia kwa kokeini, inaweza kupunguza upeo wa kuona, na hasara hiyo hairudi.

Kuna wanaosema tuvumilie hatari zaidi, kwa kuwa Marekani haijaidhinisha dawa hata moja ya uraibu wa kokeini wala methamfetamini, dawa nyingine ya kulevya inayochangamsha mwili. Hapo sikubaliani nao. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya jaribio la watumiaji 403 wa methamfetamini: waliopewa sindano ya naltrexone pamoja na vidonge vya bupropion, 13.6% walipata nafuu iliyokusudiwa, dhidi ya 2.5% ya waliopewa dawa ya kulinganishia, isiyo na kiambato cha tiba. Ni hatua, lakini wengi hawakufika. Faida ikiwa ya kiasi hicho, madhara makubwa utayatetea vipi?

Kinachonisumbua kuliko sindano ile ya wodini ni mchujo wa mlangoni. Mwenye presha ya juu hurudishwa, na mwenye kasoro ya moyo vilevile. Miaka ya kutumia huwaachia watu wengi kasoro hizohizo, na hao ndio watakaoandikiwa dawa ikishaitwa salama.