Uvimbe wa damu kwenye tundu la jicho la mtoto: tusubiri au tuanze dawa?

Hemanjioma ni ule uvimbe wa mishipa ya damu unaowatoka watoto wachanga, sasa ukikaa kwenye kope au ndani ya tundu la jicho wazazi wanaambiwa vitu viwili tofauti kabisa, huyu anasema acha utaisha wenyewe, yule anasema anza dawa mapema.

Wa kusubiri wana hoja. Kweli huwa inatokea wiki za mwanzo, inakua mbiombio miezi kama 5 hivi, halafu inanywea taratibu na wengi wakifika miaka 4 imeshapungua sana. Na propranolol, ndo dawa yenyewe wanayopewa, ni dawa ya moyo jamani, inaweza kushusha sukari, kupunguza mapigo, kubana kifua, mtoto akigoma kunyonya au akitapika dozi inasimamishwa kwanza. Kama uvimbe ni mdogo na hausukumi jicho hata mimi ningesubiri, ila mtoto aonwe na dokta wa macho mara kwa mara.

Shida yangu na hoja hii ni kwamba inahesabu muda wa uvimbe tu, jicho lenyewe linasahaulika. Ubongo unajifunza kuona miezi hiyohiyo uvimbe unapokua kwa kasi, kope ikishuka ikafunika mboni, au uvimbe ukikandamiza jicho mpaka konea (kile kioo cha mbele ya jicho) ikapinda, ubongo unaanza kulipuuza lile jicho, ndo ambliopia hiyo, na mtoto akifika miaka 4 uso umeshakuwa msafi lakini kuona hakujarudi!

Zamani kusita kulieleweka zaidi, manake dawa ilikuwa steroidi, inadumaza ukuaji, na kuichoma karibu na jicho kuliweza kuziba mshipa wa damu wa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Mwaka 2008 ndo Christine Léauté-Labrèze na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, wakaripoti hemanjioma kunywea kwa propranolol, waliligundua kwa mtoto aliyekuwa anatibiwa moyo, na 2014 Marekani ikaidhinisha ile ya maji kwa kazi hii. Kwa hiyo kama kuona kuko hatarini mi nipo upande wa dawa, tena mapema.

Ila sio kila uvimbe wa bluu ni hemanjioma. Kasoro za vena (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo) au za limfu (mishipa ya majimaji ya mwili) haziishi zenyewe na propranolol haizisaidii kihivyo, na jicho likianza kutokeza ghafla inaweza kuwa hata kansa, hapo ni ultrasaundi au MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) haraka kabla ya kubishana kusubiri au kutosubiri.