Nyumba moja yatosha Gede

Likizo ya Agosti ikifika, vichochoro vya Magofu ya Gede, mji wa kale karibu na Malindi katika pwani ya Kenya, hujaa familia, na nyingi hukosea palepale. Mtoto wa miaka mitano husimamishwa mbele ya kaburi lenye tarehe, kiongozi anataja karne na majina ya masultani, mama anamnong'oneza "sikiliza, umeletwa kujifunza," naye mtoto amekwisha kugeuka kumtazama kima mtini. Hapo anakemewa. Mbele ya wageni anaambiwa kwamba hajui kusikiliza, na kitu cha kwanza anachokishika kuhusu historia ya pwani yake ni aibu.

Mtoto yule hana kosa. Kosa ni kumletea mji mzima kwa mpigo. Gede ni mji uliozungushiwa kuta mbili, wenye msikiti mkuu, jumba la mtawala, misikiti midogo, makaburi, visima na nyumba zilizobanana. Mtu mzima mwenyewe hutoka humo na mambo mawili matatu kichwani. Mtoto mdogo bado haelewi mji, ila nyumba anaielewa, maana anaishi ndani yake: anajua wapi watu hulala, wapi hupika, wapi haruhusiwi kucheza. Basi mwenye mtoto wa chini ya miaka minane achague nyumba moja, akae naye humo nusu saa, kisha waondoke. Msikiti mkuu na jumba vitangoja mwaka ujao. Vimekwisha kungoja karne nyingi.

Kuchagua nyumba kufanyike usiku wa kuamkia safari, na achague mtoto. Wachimbaji walioanza kazi pale 1948 chini ya mwanaakiolojia James Kirkman walizipa nyumba majina ya vitu walivyovikuta ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Ushanga wa Venice, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, Nyumba ya Sarafu za China. Mtoto akisikia majina hayo atashika moja mara moja. Muulize basi: nyumba yetu ikifukiwa leo, watakaoichimba wataiitaje? Swali hilo lina akiolojia yote ndani yake. Litamfanya azunguke sebuleni akitafuta kitu ambacho hakiozi.

Usiku huohuo kateni kamba ya mita 2.5. Mkifika kwenye nyumba yenu, mtoto ashike ncha moja, nawe nyingine, mpime upana wa chumba kutoka ukuta hadi ukuta. Kisha mpime urefu. Upana utakaribia kamba, huenda ukazidi kidogo, lakini urefu utaipita mbali. Pimeni chumba cha pili, na cha tatu. Vyote ni virefu na vyembamba, kama kwamba wenyewe walikatazwa kuvitanua. Sasa muulize kwa nini, nawe unyamaze. Hapo ndipo wazazi wengi huharibu: wanauliza na kujibu kwa pumzi moja. Hesabu polepole hadi ishirini. Mtoto atasema walikuwa maskini, au walikuwa wembamba, au mahali palikuwa padogo. Pokea yote, kisha mwambie aangalie juu.

Juu hakuna kitu, ni matawi na mbingu. Jibu lilikuwa pale. Dari lilikuwa bapa, la mawe na chokaa, limelazwa juu ya boriti za mikoko. Ni mzigo mzito mno, na boriti ikizidi urefu fulani hupinda, kisha dari hushuka. Fundi hakuwa na namna: upana wa chumba ulikatwa na mti uliotoka mkokoni. Ndiyo maana ukiingia nyumba za kale za Lamu, ambako boriti bado zimo darini, unakuta vyumba vya umbo lilelile. Mtoto aliyeshika ncha ya kamba hahitaji kuelezwa hayo mara mbili. Amelishika kwa mkono.

Kabla ya kutoka, tafuteni mahali ambapo lipu imebanduka, asogeze jicho hadi karibu na jiwe bila kulikwangua. Ataona vitundu vidogo na mistari kama miale. Hayo ni matumbawe. Jiwe hilo lilikuwa kiumbe hai baharini. Na chokaa iliyoyaunganisha mawe ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayohayo, kwa hiyo ukuta na kinachoushika vimetoka kitu kimoja. Kwa vibla vya misikiti na mapambo ya milango mafundi walitumia tumbawe laini lililotolewa majini, wakalichonga likiwa bado bichi, maana likikauka huwa gumu. Ikiwa nyumba yenu ina choo, mwonyesheni pia. Hakuna mtoto asiyetaka kujua mtu wa kale alijisaidia wapi.

Tarehe? Nakubali, kwa shingo upande, kwamba moja inafaa. Lile kaburi lenye tarehe lina mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Kwa mtoto mdogo namba hiyo ni sauti tupu. Bebeni kunde 25. Mkikadiria miaka 25 kwa kizazi, kunde 25 zinafika huko. Mtoto azipange chini moja moja: hii mimi, hii mama, hii bibi, hii mama yake bibi. Majina yataisha kwenye kunde ya nne au ya tano, nanyi mtabaki mmechuchumaa mbele ya kunde ishirini zisizo na majina. Mwacheni azitazame. Kisha ziokoteni zote.

Kiongozi mlipeni, ujuzi wake ni wa kweli. Ila mwambieni langoni kabla hajaanza: tuna nyumba moja, tuna nusu saa, na mtoto ndiye atakayeuliza. Wengi hufurahi. Makumbusho madogo ya pale yaachwe hadi mwisho, maana kitu kilichomo kabatini hupata maana baada ya mtoto kusimama katika chumba cha aina kilimotoka.

Chakula kibaki garini. Kima wa Gede wameshawazoea watu, na mfuko wa plastiki ukichakarisha tu wanashuka. Mtoto avae viatu vilivyofunika vidole, kwa sababu jiwe la matumbawe hukata. Karibu na visima ashikwe mkono, si kuitwa kwa mbali. Mfike asubuhi, mpite chooni kwanza.

Kupanda ukutani hapana, hata kwa picha moja. Wazazi husema mtoto ni mwepesi. Shida si uzito. Vichwa vya kuta hizi havikujengwa vipigwe na mvua, dari ndilo lililokuwa likivifunika. Kiatu kikilegeza jiwe moja juu, maji yanaingia katikati ya ukuta, chokaa inaoshwa, na masika kadhaa baadaye kipande kizima kinaanguka. Mji huu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, lakini orodha haizuii maji.

Na mahali pa mateso, kama soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lililofungwa 1873, naomba watoto wa chekechea wasipelekwe kwa sababu tu mko likizoni na mnapita njia hiyo. Pale panahitaji mtoto anayeweza kuuliza "kwa nini" na kuvumilia jibu.

Mtoto wenu akiokota kigae chini, na ataokota, msimpokonye. Atazame kwanza upande wa rangi, apime kwa kidole mviringo wa ukingo, akisie kilikuwa bakuli au mtungi. Halafu akirudishe palepale alipokitoa, si hatua mbili pembeni. Mwelezeni kwamba mchimbaji hukisoma kigae pamoja na udongo kilipolalia na vitu vilivyo jirani yake. Kikihamia mfukoni, hata aliyesomea kazi hiyo hawezi tena kujua kilikuwa cha nyumba gani.