Shikamoo Mwalimu, Uko Chini ya Ulinzi

Mvuvi wa dagaa akikosa kazi, usimwachie simu yenye bando. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapumue na kuzaliana, na miezi hiyo mitatu mwalo wetu, ulioko kaskazini ya mji wa Kigoma (jina kapuni, wenyewe wanajijua), uligeuka kijiwe kimoja kikubwa. Mitumbwi imepandishwa mchangani, nyavu zimetundikwa, chanja za kuanikia dagaa zimelaliwa na mbuzi. Wanaume wazima walicheza bao mpaka wakanuniana. Majumbani ni maharage ya Kasulu Jumatatu, maharage ya Kasulu Jumanne, na mtu akimega tonge la ugali wa muhogo analishika kwanza hewani, anakumbuka mgebuka, halafu ndiyo anameza.

Ndipo vijana wakaja na wazo la tamasha. Muziki, ngoma, maonyesho ya sanaa, siku ya Nane Nane, watu wachangamke kabla ziwa halijafunguliwa. Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya ulianza pale katibu wao alipopitisha simu kwenye kikao tuone video: bendi inapiga juu ya jukwaa linaloelea, huko Ulaya sijui wapi, taa zinameremeta, wazungu wamekaa ufukweni na vinywaji vyao.

"Hao wana kidimbwi tu," katibu akasema. "Sisi tuna Tanganyika."

Hilo halikubishika. Ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 600, ambalo kwa kina linazidiwa na Baikal peke yake duniani, halafu bendi ipige mchangani? Kikao kikapitisha kwa makofi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na wikiendi ni MC wa harusi, vipaimara na kuaga walimu wenzangu wanaostaafu, kwa hiyo uMC haukuwa na mjadala.

Jukwaa lilipatikana siku hiyohiyo. Kwa asiyejua mambo ya huku: dagaa wetu huvuliwa usiku, tena usiku wa giza, maana mbalamwezi ikiwaka taa ya mvuvi haina kazi. Wanachukua mitumbwi mikubwa miwili, wanaiunganisha kwa miti, wavu unashushwa hapo katikati, taa zinawashwa. Dagaa wakiona mwanga wanapanda. Wavu unavutwa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi ni taa za betri, lakini mchezo ni uleule. Basi tukachukua mitumbwi miwili ya tajiri mmoja, ikaunganishwa kwa miti yake ileile, juu tukapigilia mbao. Taa tukaazima za tajiri huyohuyo. Alisita kidogo, akasema, "Zirudi kabla ya tarehe 15, usiku wa kwanza mimi lazima niwe majini." Tukamwapia.

Upande wa sanaa tulikuwa na kijana wa hapahapa aliyerudi kutoka Dar es Salaam, alikokuwa akijifunza ile michoro ya Tingatinga, rangi ya mafuta juu ya hadibodi. Tulimpa wiki mbili. Kwa kuwa ni msanii, alianza kazi siku moja kabla. Hata hivyo sina budi kumsifu: alikata sangala tisa za hadibodi, kila moja kubwa kuliko mtoto wa darasa la kwanza, akazipaka bluu na njano, magamba yote nukta kwa nukta, macho ya kukutazama popote unapokwenda. Akazitundika kwenye wavu chakavu wa dagaa, na wavu ukasimamishwa nyuma ya wanamuziki kama pazia. Ukipita karibu unaambiwa usiguse, rangi haijakauka.

Sasa msomaji, nisaidie kuhesabu. Mitumbwi miwili iliyounganishwa. Taa za dagaa. Wavu wa dagaa. Usiku wa mwezi mchanga, unaozama mapema. Ziwa limefungwa. Kamati ilijaa wavuvi waliozaliwa mwaloni, kibali cha ngoma kiligongwa muhuri na mtendaji, na katika kundi lote hilo hakuna hata mmoja aliyesema, "Jamani, hiki kitu kinafanana na nini?"

Nane Nane ikafika. Watu walijaa mchangani mpaka mbuzi wakahama. Spika mbili kubwa tuliziacha nchi kavu pamoja na jenereta, jukwaa likasukumwa umbali wa kurusha jiwe na kutiwa nanga, na mimi nikapewa maiki isiyo na waya. Iweke akilini maiki hiyo.

Kikundi cha ngoma kilitoka juu Kasulu. Ni watu wa milimani, miguu yao imezoea ardhi isiyotikisika. Walipofikishwa jukwaani, mkuu wao akachungulia pembeni.

"Mwalimu, hapa chini kuna nini?"

"Maji tu, mzee wangu."

"Mengi?"

Nilitaka kumtuliza, lakini mzee mmoja mvuvi, mwenye sifa ya kulijua ziwa, akawahi. "Hapa kidogo, shingoni. Ila ukisogea huko mbele ni zaidi ya mita 1,000."

Mkuu wa ngoma akavua njuga za mguu mmoja, akafikiri, akazivaa tena. "Basi tutacheza taratibu," akasema. Ngoma ya Waha haichezwi taratibu. Alijua yeye, nilijua na mimi.

Bendi ilianza na rumba, maana Kigoma ukianza na kitu kingine watoto wa mwalo watakuuliza umetokea wapi. Mwezi ukazama, giza likashika, tukawasha taa zote. Nikuambie kweli, ilipendeza. Maji yaling'aa kijani chini ya mbao, sangala za msanii zikawa zinaogelea kwenye kivuli chake kila mtumbwi ulipoyumba, na kina mama mchangani walipiga vigelegele vya kufungia harusi. Nikasema kwenye maiki, "Kigoma mko wapiii?" Wakaitika. Nikasema tena. Wakaitika tena. Uzuri wa kazi ya MC ni huo, husemi kitu na unalipwa.

Zamu ya ngoma ikaingia. Taratibu ilidumu mpaka ngoma kubwa ilipopigwa. Baada ya hapo ni miguu kukitwa, njuga kulia, mbao kunesa, na mpiga kinanda akawa anakifuata kinanda chake huku na huko kwa magoti.

Aliyeona kwanza ni mpiga besi. Aliacha kupiga. Ukiona mpiga besi wa rumba ameacha kupiga, ujue ni moto au ni mafuriko. Alikuwa ameinama anatazama kwenye upenyo wa mbao, na mimi nikainama. Chini ya taa, maji yalikuwa yanachemka fedha. Dagaa wadogowadogo, vidole kwa vidole, wanazunguka duara wote upande mmoja, duara juu ya duara, wengine wanaruka na kudondoka juu ya mbao tik, tik, tik katikati ya miguu ya wachezaji. Miezi karibu mitatu hawajaona taa. Walikuja kama watu wanaosikia kuna ubwabwa msibani.

Habari ilifika nchi kavu bila maiki. "Dagaaaa!" Wazee waliokuwa wamekaa viti vya mbele, waliokunja nne kwa heshima ya mgeni rasmi, wakasimama na viatu vyao wakaingia majini mpaka magotini. Mmoja alivua kofia kabisa.

Hapo ndipo mcheza ngoma mmoja aliporuka juu, akatua juu ya dagaa, akateleza, akashika alichokiona karibu. Alishika pazia. Kamba ikakatika, wavu wote na sangala zake tisa ukaporomoka majini, pale katikati ya mitumbwi, mahali wavu wa dagaa unapokaaga siku zote.

Tulikuwa na vijana wanne wa kushika nanga na kamba, wavuvi wa kuzaliwa. Hakuna aliyewaamuru. Wavu ukiwa majini na dagaa wakiwa juu yake, mikono ya mvuvi haiombi ushauri kichwani. Kila mmoja akaruka kwenye kona yake. "Haya, vuta!" Wapiga ngoma, ambao hakuna aliyewaambia waache, wakaendelea kupiga, na vijana wakawa wanavuta kwa mdundo. Kutoka mchangani watu mia kadhaa wakawa wanaitikia, "Vuta! Vuta!" Nitakuwa mwongo nikisema mimi sikuitikia.

Injini tuliisikia ikija kutoka gizani, halafu sauti: "Zima taa! Zima taa hizo!"

Nikajibu kwa maiki, kwa ile sauti yangu ya harusi: "Asanteni sana mashabiki wetu mliokuja kwa boti, karibuni, karibuni sana!"

Ilikuwa doria.

Tochi ikanipiga usoni. Aliyepanda kwanza ni kijana mrefu mwenye jaketi la kuokolea, akakanyaga dagaa, akajishikilia, akanitazama. Uso ukalegea.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo mwalimu. Mwalimu, uko chini ya ulinzi."

Mchangani lililipuka shangwe. Nilishindwa kuelewa kwa nini, mpaka nilipotambua kuwa maiki niliibana kwapani na bado inawaka. Kijana hakujua. Akatoa fomu, akampa mwenzake mtu mzima aliyekuwa ameshika tochi kwa meno ili aandike.

"Wavu huu wa nani?"

"Si wavu huo, ni pazia."

Kicheko kutoka nchi kavu.

"Na hawa waliomo ndani ya pazia?"

Wavu ulikuwa umeshafika juu, na dagaa wa kujaza sufuria moja ya familia. "Hao," nikasema, "hatukuwaalika."

"Mwalimu, darasa la tano ulitufundisha kwamba dagaa hufuata mwanga."

"Niliwafundisha?"

"Ulinichapa kwa kulikosa."

Mwalo mzima ukapiga makofi. Bibi mmoja akapaza sauti, "Mwanangu, mwachie mwalimu, kesho ana vipindi!" Mwingine akajibu, "Usimwachie, apeleke kwanza matokeo!"

Yule mtu mzima hakuwa na muda wa utani. Alikuwa anajaza fomu. Chombo: mitumbwi miwili, imeunganishwa. Taa: sita. Wavu: mmoja, wa dagaa. Akamulika kwenye wavu, akaona mapezi ya bluu yanachomoza katikati ya dagaa.

"Sangala hao?"

"Sangala, tisa," kijana akahesabu, akanyoosha mkono kuinua mmoja.

Msanii wetu, ambaye tangu pazia lianguke alikuwa amekaa kichwa mikononi, akaruka. "Jamani msiwashike, bado wabichi!"

Mzee wa fomu akaandika. Sangala, tisa. Hali: wabichi.

Mtendaji alifika kwa mtumbwi mdogo, suruali ya suti imekunjwa mpaka magotini, kibali ameking'ata asije akakilowesha. Mazungumzo yalikuwa marefu na mimi sikuyasikia, kwa sababu mtu alikumbuka maiki na kuninyang'anya. Mwishowe tulionywa, tukaambiwa tushukuru Mungu. Dagaa, wavu, taa sita na sangala tisa vikaenda na boti ya doria kama vielelezo. Kiganja cha kijana wa doria kilikuwa cha bluu, na begani pa mwenzake pia, ila hawakuwa wameona bado. Wana-ngoma wa Kasulu walikataa kupanda mtumbwi wa kurudia. Maji si yako shingoni? Walirudi kwa miguu, ngoma vichwani.

Kesho yake sokoni nilipongezwa kila meza. Watu waliamini lilikuwa igizo. "Mwalimu, lile igizo la uvuvi haramu limetungwa! Na yule uliyemwigizisha doria mmemtoa wapi, anajua kweli!" Nilianza kueleza, mara mama muuza nyanya akaniongezea fungu la bure, nikaacha kueleza.

Tajiri taa zake alirudishiwa siku ya mwisho, baada ya kusaini karatasi nyingi na kusema maneno ambayo mwalimu siwezi kuyaandika. Ziwa likafunguliwa, akawa majini usiku wa kwanza kama alivyosema, na mimi hanisalimii kwa mkono mpaka leo, ananipungia tu.

Zikabaki sangala. Nilimsindikiza msanii kuziulizia. Mtunza stoo akafungua daftari, akashuka na kidole mpaka kwenye mstari wetu.

"Sangala, tisa, wabichi. Hawa hawapo."

"Hawapo vipi?"

"Samaki wabichi hatuwaweki, wanaoza. Utaratibu ni kuwaondoa. Hapa imeandikwa wameondolewa." Akatugeuzia daftari tusome.

Nyuma yake, ukutani, juu kidogo ya kalenda, sangala tisa za bluu na njano zilikuwa zimepangwa kwa safu nzuri, kubwa mbele, macho yote yanatutazama. Mmoja alikuwa ametundikiwa funguo.

Nikamkanyaga msanii mguu asiseme kitu. Alitazama ukuta kwa muda, akachomoa kalamu iliyofungwa kwa uzi mezani, akaomba alegezewe uzi, akasogeza kiti, akapanda, akaanza kuweka saini sangala mmoja baada ya mwingine.