Utulivu wa bwawa la Flatford: ukweli au pazia?

Mwaka 1821 mchoraji Mwingereza John Constable alionyesha katika Royal Academy, taasisi ya sanaa ya London, mchoro wa rangi za mafuta unaojulikana leo kama The Hay Wain (Gari la Majani Makavu): farasi watatu na gari lao la shamba wamo majini karibu na kinu cha Flatford, mto Stour unapotenganisha Suffolk na Essex, huku mbwa akiwatazama kutoka ukingoni.

Wanaouita mchoro huu pazia la kufunika dhiki wana hoja. Vita dhidi ya Napoleon vilipokwisha mwaka 1815, bei ya nafaka ilianguka na vibarua wengi wakakosa ujira. Mwaka 1816 ghasia za njaa zilizuka mashariki mwa Uingereza, na mwaka 1822 vibarua walivunja mashine za kupuria nafaka, hata Constable akamwandikia rafiki yake kwamba, kwa taarifa za ndugu yake, haukupita usiku bila moto kuonekana huko Suffolk. Mchoraji mwenyewe alikuwa mtoto wa mwenye kinu, na baadaye alipinga mageuzi ya bunge.

Hata hivyo, shutuma hiyo inasahau ukubwa wa turubai. Ina upana wa takriban mita 1.85, kipimo ambacho wachoraji wa zama zile walizoea kuwatengea mashujaa na visa vya Biblia. Constable alikitoa kwa gari la shamba na nyumba ya jirani mkulima, Willy Lott. London hakupata mnunuzi, ilhali Paris, mwaka 1824, mchoro ulimpatia medali ya dhahabu ya mfalme Charles X. Wala watu wake hawajakaa tu: mwanamke yuko ukingoni mwa maji kando ya nyumba, na gari lina safari ya kazi. (Utulivu wa kubembeleza tuliouzoea, nadhani, umetokana zaidi na nakala zilizobandikwa kwenye trei na makopo ya biskuti.)

Kwa hiyo sioni kosa katika ukimya wa maji yale, kwa kuwa hata mwaka wa njaa una adhuhuri yake tulivu. Ninachokitilia shaka ni umbali. Wavunaji wa majani, ambao jasho lao ndilo sababu ya gari lile kuwapo, wamesukumwa hadi mwisho wa mbuga upande wa kulia, wakawa vitone vyeupe ambavyo mtazamaji mwenye haraka hatavigundua, na huo ulikuwa uamuzi wa mchoraji.