Kikao cha bajeti, viti vitupu

Kila msimu wa bajeti ukifika watu wa kaunti hulalamika ati wananchi hawaji vikaoni, na sisi mtaani twasema twende kufanya nini na wao washaamua. Mombasa tuna wadi 30, na sidhani kuna moja hujasikia maneno haya.

Niseme ya upande wao kwanza maana si kwamba hawana hoja. Kaunti zilianza 2013 na mpaka leo mgao wa hazina kuu huja kwa kuchelewa, ukifika mishahara ndo hulipwa kwanza, mkandarasi angoja weee, akichoka abeba mashine zake mtaro wabaki shimo. Maji nayo, mengi tunayokunywa yatoka Mzima, Marere na Baricho, yaani Taita Taveta, Kwale na Kilifi huko, sasa mfereji ukikauka Likoni kumtukana gavana peke yake ni kumuonea.

Lakini kuitisha kikao vizuri hakungoji pesa ya Nairobi. Nilienda kimoja, twaambiwa saa tatu kikaanza saa sita kasoro, mlangoni twapewa kitabu kinene cha Kizungu, tarakimu tupu, na hapohapo twatakiwa tutoe maoni. Mama mmoja muuza viazi karai akafungua kurasa mbili tatu kisha akawa ajipepea nacho, joto la Machi mwalijua. Akauliza mtaro wa nyuma ya soko uko ukurasa gani. Afisa akamwambia "tumeandika", na hakuandika.

Na sisi pia tusijitakase. Walojaa viti vya mbele walifuata nauli na soda, kusaini tu wakaondoka. MCA, yule mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, twamtafuta kwa karo na mazishi, bajeti aliyopitisha hatumuulizi.

Ila kwangu mimi kosa kubwa ni la wenye karatasi. Katiba ya 2010, kifungu cha 201, yataka uwazi na wananchi washirikishwe kwenye mambo ya fedha, na makadirio yafaa kufika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, kwa hivo si kwamba msimu huwajia ghafla. Ukurasa mmoja tu wa wadi, kwa Kiswahili, ubandikwe sokoni wiki mbili kabla: mradi gani, pesa ngapi, wa mwaka jana ulikwama wapi.

Yule mama nilimpitia juzi nikamuuliza kama ataenda tena. Akaniuliza, karai nitakuachia wewe?