BGP 001 haikushinda kwa difyuza peke yake

Msimu wa langalanga wa 2009 ukitajwa, hukumu huwa ile ile: Brawn GP, timu iliyoendesha gari la BGP 001, waliona mwanya kwenye kanuni, wakajizolea pointi wenzao wakiwa bado wanashangaa, kisha wakajikokota hadi dereva wao Jenson Button akatwaa ubingwa. Sikatai kwamba difyuza yao ya tabaka mbili, yaani sehemu ya nyuma chini ya gari inayotolea hewa, ilisaidia sana. Ilipitisha hewa nyingi zaidi chini ya gari na kulikandamiza barabarani, na Aprili mahakama ya rufaa ya FIA, shirikisho linalosimamia mbio hizo, ikaihalalisha.

Lakini timu za Toyota na Williams nao walikuwa nayo tangu mbio za kwanza. Mwisho wa msimu Brawn walikuwa na pointi 172, Toyota 59.5, Williams 34.5, na hao wawili hawakushinda hata mbio moja. Kule Bahrain, Toyota walianza nafasi ya kwanza na ya pili. Aliyeshinda ni Button. Kama siri yote ilikuwa difyuza, Williams walishindwaje kufikisha hata robo ya pointi za Brawn?

Gari lenyewe lilikuwa limechorwa kubeba injini ya Honda. Honda walipojitoa Desemba 2008, ikabidi sehemu ya nyuma ikatwe ili injini ya Mercedes ienee. Likaingia barabarani mara ya kwanza Machi, na mwezi huohuo kule Melbourne Button na mwenzake Rubens Barrichello wakamaliza wa kwanza na wa pili.

Wanaopinga maoni yangu wana hoja nyingine nzito: kazi hiyo ililipiwa na Honda, walioutelekeza msimu wa 2008 ili wajiandae mapema, huku Ferrari na McLaren wakigombea taji la mwaka huo. Ni kweli. Ila fedha zilipokata, timu ilipunguza wafanyakazi wengi, na maboresho yakawa haba wakati Red Bull, gari lililochorwa na Adrian Newey, ikizidi kunolewa.

Hapo ndipo tairi zilipoleta shida. BGP 001 haikumaliza tairi haraka, sifa iliyoibeba kwenye joto. Silverstone, Uingereza, kwenye baridi ya Juni, tairi zilikataa kupata moto, na Button, aliyekuwa ameshinda mbio sita kati ya saba, akaambulia nafasi ya sita nyumbani kwao. Uendeshaji wake laini, usiolazimisha usukani, ulizidisha tatizo hasa siku za kupanga nafasi. Barrichello alishinda Valencia na Monza kwa gari hilohilo, na hiyo ndiyo hoja ngumu kuliko zote kwa sisi tunaomtetea Button.

Hata hivyo, tazama pointi zake: 61 katika mbio saba za mwanzo, 34 katika kumi zilizobaki. Watu huitaja hiyo 34 kama aibu. Mimi naona dereva mwenye gari lisilopasha tairi, ambaye katika mbio hizo kumi alitoka mikono mitupu mara moja tu, Spa, Ubelgiji, alipogongana na Romain Grosjean kwenye mzunguko wa kwanza. Interlagos, Brazil, alianza wa 14, akawapita wenzake mmoja baada ya mwingine kwa ujasiri ambao wengi walidhani umeshamwishia, akamaliza wa tano na kutangazwa bingwa huku mbio moja ikiwa bado haijakimbiwa.