Kisanduku kidogo ila msikichukulie poa
Kwenye maelezo yenu ya ndege, hapo mlipoandika barakoa ya oksijeni ya rubani "inawekwa tu pembeni ya kiti" mmepita haraka mno jamani. Ile inakunjwa kwa mpangilio ndani ya kisanduku, vishikio vyekundu vinabaki nje, rubani anavibana kwa mkono mmoja mikanda inajaa hewa anaivaa kichwani, yote ndani ya sekunde 5, sasa mtu akiirudisha ovyo mikanda ikanasa kwenye mlango wa kisanduku itakuwaje? Futi 35,000 bila oksijeni akili inapotea hata dakika haiishi! Na bomba lake nalo likaguliwe, Cairo 2011 moto ulizuka kwenye Boeing 777 pale pale kwenye oksijeni ya rubani msaidizi, afadhali ndege ilikuwa bado chini. Mwenye mikono ya grisi asiguse kabisa hapo, grisi na oksijeni ni hatari ya moto.